Nusu Milimita ya Mpako

Chukua mchemraba wa stairofomu, lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni na friji, wenye sentimita 10 kila upande. Uzito wake ni kama gramu 20, na upepo wa feni unatosha kuuangusha kutoka mezani. Ufukie kwenye mchanga, umiminie chuma kilichoyeyuka, na baada ya sekunde chache povu halipo tena. Mahali pake pamekaa chuma cha kilo 7, kwa umbo lile lile na kona zile zile, na alama za punje za povu zinasomeka usoni pake. Hakuna aliyeondoa kiolezo mchangani. Kiolezo kimekaa mle mle kikishika nafasi, kisha kikageuka gesi na kuiachia metali.

Wengi wanaoiona kazi hii kwa mara ya kwanza hustaajabia moto na moshi. Mimi huvutwa na kitu kisichoonekana tena kazi ikishakwisha. Kati ya povu na mchanga pana mpako, na unene wake mara nyingi haufiki milimita moja. Mchanga wenyewe ni mkavu kabisa, haukuchanganywa na udongo wala gundi. Ukiushika mkononi unachirizika kati ya vidole. Povu likishaanza kutoweka na metali haijafika, kinachouzuia mchanga huo usiporomoke ni mpako huo tu. Kwa kitambo hicho kifupi kalibu yote ni nusu milimita ya unga uliokauka, na aliyeupaka ndiye aliyetengeneza kalibu.

Harold Shroyer wa Marekani alipata hataza ya njia hii tarehe 15 Aprili 1958. Alieleza jinsi ya kuchonga kiolezo kutoka kwenye bonge la povu, kukifukia kwenye mchanga, na kumimina metali bila kukitoa. Wachongaji sanamu waliipenda mapema, na mmoja wao ni Alfred Duca wa Massachusetts. Sababu inaeleweka: mchongaji anataka sanamu moja, kwa hiyo kiolezo kupotea si hasara kwake. Mwanzoni mchanga ulikuwa ule uliofungwa, unaoweza kusimama wenyewe. Kufikia 1964 mchanga mkavu usiofungwa ulikuwa umeingia kazini, na hapo mpako ulipandishwa cheo, kwa sababu mchanga huo hausimami wenyewe hata kidogo.

Viwanda vya magari vilikuja baadaye, kwa hesabu nyingine. Mwaka 1990 kampuni ya Saturn, iliyoanzishwa na General Motors, ilianza kutoa magari huko Spring Hill, Tennessee, na bloku, silinda hedi na krankshafti za injini zake zilisubiwa kwa povu. Huko Landshut, Ujerumani, BMW ilisubu silinda hedi kwa njia hiyo hiyo. Silinda hedi ina njia za maji zinazojipinda ndani kwa ndani, na kwa njia ya kawaida kila njia hudai kiini cha mchanga uliogandishwa kwa gundi, kiwekwe ndani ya kalibu na baadaye kivunjwe na kutolewa. Kwa povu, kiolezo hutengenezwa vipande vipande kama tabaka, kisha vipande hugandishwa pamoja. Njia za maji zinakuwa mashimo tu ndani ya povu, na mchanga mkavu huingia humo wenyewe unapotetemeshwa.

Fundi wetu anayesubu sufuria kwa aluminiamu chakavu atauona unafuu huu mara moja. Yeye anajua taabu ya kutoa kiolezo mchangani: akikitikisa vibaya ukingo unamomonyoka, na umbo lenyewe lazima lipewe mteremko kidogo ili litoke bila kukwama. Kwenye povu hakuna kinachotoka, basi mteremko hauna kazi. Lakini unafuu huo una bei, na bei yote imehamia kwenye mpako.

Mpako unadaiwa mambo mawili yanayokataana. Unatakiwa uizuie metali isipenye kwenda mchangani, na papo hapo uruhusu kila kilichokuwa povu kipite kwenda mchangani. Povu lenyewe, kwa ujazo, karibu lote ni hewa, lakini hiyo plastiki kidogo iliyobaki si ya kudharau: kwa uzito, zaidi ya asilimia 90 ya polistairini ni kaboni. Lazima iende mahali. Aluminiamu humiminwa kwenye joto la nyuzi 700 na ushei, na kwa joto hilo sehemu kubwa ya plastiki huwa kimiminika kizito kinachonyonywa na mpako wenyewe. Chuma cha kusubu humiminwa karibu na nyuzi 1,400, na hapo sehemu kubwa zaidi huwa gesi inayotafuta kutoka kwa nguvu. Kwa hiyo mpako unaofaa kwa aluminiamu haufai tu hivi hivi kwa chuma. Wa aluminiamu kwa kawaida ni mwembamba, wenye kunyonya na wenye kulinda joto lisipotee. Wa chuma hupakwa mnene zaidi, kwa unga usioshindwa na joto kali.

Halafu kuna suala la mwendo, na hapa ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Metali haiwezi kwenda mbele kwa kasi kuliko povu linavyoondoka, na povu haliondoki kwa kasi kuliko mpako unavyoruhusu. Mpako ndio unaoshika hatamu. Ukibana kupita kiasi, gesi hujikusanya mbele ya metali, metali husita na kupoa, na pale pande mbili zinapokutana haziungani sawasawa. Unabaki mkunjo mwembamba ambao jicho linaweza kuuruka, ila maji ya injini yatauona. Ukilegea kupita kiasi, metali hukimbia, huzunguka kisiwa cha povu na kukimeza kabla hakijaisha, au hupenya kati ya chembe za mchanga na kuganda nazo. Kwenye chuma kuna adha nyingine: kaboni isiyopata njia hubaki juu ya uso kama utando mweusi unaong'aa, umekunjamana, na kipande kizuri kinaharibika kwa sababu ya moshi wake mwenyewe.

Mambo haya yalitazamwa kwa macho. Chuo Kikuu cha Alabama kilichopo Birmingham, mji uliokua kwa chuma, kilifanya utafiti wa miaka mingi pamoja na wenye viwanda vya kusubu kuhusu njia hii ya povu. Watafiti wa fani hii wametumia eksirei kuangalia metali ikitembea ndani ya kiolezo kilichofukiwa. Katika picha hizo metali haijai kutoka chini kwenda juu kama maji kwenye ndoo. Inatembea kwa uso ulionyooka mahali fulani, kwa vidole mahali pengine, inaruka mbele hapa na kuchelewa pale penye gundi nyingi ya kuunganishia vipande vya povu. Mpako ukibadilishwa, mwendo wote unabadilika, ingawa povu ni lile lile na metali ni ile ile.

Sasa twende kwenye rojo lenyewe, yaani mpako kabla haujakauka. Kwa jicho la mpita njia ni rangi tu, ya maziwa au ya udongo, ndani ya pipa linalokorogwa polepole. Sehemu yake kubwa ni unga wa madini yasiyoogopa moto: silika, alumina, ulanga, grafiti, au zirkoni. Zirkoni ni miongoni mwa madini yaliyotolewa kwenye mchanga wa Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, tangu mgodi ule ulipoanza kazi mwaka 2013 hadi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Ni nzito kuliko silika kwa mbali na huvumilia joto la chuma kilichoyeyuka. Ulanga una tabia ya vipande bapa vinavyolaliana, na hiyo inabadilisha namna gesi inavyopita. Wanaotengeneza rojo huchagua ukubwa na umbo la chembe kwa makini, kwa sababu nafasi zinazobaki kati ya chembe ndizo njia za kutokea. Chembe zikilingana, nafasi zinakuwa nyingi. Zikichanganywa kubwa na ndogo sana, zile ndogo huziba mianya ya kubwa.

Baada ya unga kuna gundi za aina mbili. Ya kwanza hushika mpako ukiwa baridi, usipukutike fundi anapoubeba. Hiyo huungua metali ikifika, na kuungua kwake kunafungua mianya zaidi. Ya pili, kwa kawaida udongo mlaini au silika, hushika mpako ukiwa moto, wakati ambapo ile ya kwanza imekwishatoweka. Kubadilishana zamu huku ndani ya sekunde moja au mbili hakuonekani na mtu yeyote, na ndiko kunakookoa kalibu.

Kinachobeba vyote ni maji, maana petroli, asetoni au thina vitaliyeyusha povu mbele ya macho yako. Lakini maji na polistairini havipendani. Yakiwekwa juu yake hujikusanya matone. Ndiyo maana huongezwa kitu kidogo chenye tabia ya sabuni, ili rojo litambae na kushika uso wote. Kidogo tu, kwa sababu sabuni ikizidi inaleta viputo, na kiputo kimoja kikikaa juu ya povu ni tundu dogo lisilopakwa. Huwekwa pia dawa ya kuzuia vijidudu. Pipa lililoachwa bila dawa huoza na kunuka, na likishaoza gundi zake hazishiki tena kama mwanzo.

Rojo zuri lina tabia mbili. Likitulia linakuwa zito kama mtindi, likikorogwa linalegea. Fundi anaitaka tabia hiyo. Kiolezo kikiingia, rojo lililolegea kwa kukorogwa linafika kwenye kila kona. Kikitoka na kutulia hewani, rojo linajishika kabla halijachirizika lote. Lakini ina maana kwamba rojo la asubuhi ambalo halijaamshwa ipasavyo si sawa na rojo la saa nne. Watu makini hupima: haidromita ya kujua uzito wake, kikombe chenye tundu chini na saa ya kuhesabu sekunde za kumwagika, na kipande cha povu cha kujaribia kinachopimwa kwenye mizani kabla na baada ya kupakwa. Hupima tena mchana, kwa sababu maji huvukiza na rojo hujibadilisha bila kumwambia mtu.

Kiolezo nacho kina maandalizi yake. Punje za polistairini huvimbishwa kwa mvuke, kisha hujazwa ndani ya kalibu ya aluminiamu na kupigwa mvuke tena mpaka zibanane na kushikana. Kipande kinachotoka humo bado hakijatulia. Gesi iliyozivimbisha punje, kwa kawaida pentani, inaendelea kutoka polepole, na kipande kinasinyaa kidogo kadiri siku zinavyokwenda. Kikipakwa mapema mno, povu linaendelea kusinyaa ndani ya mpako uliokwishakauka. Kwa hiyo violezo huachwa vikomae kwanza. Baada ya hapo ndipo vinagandishwa, na fundi anayegandisha hukwepa gundi nyingi, kwa kuwa gundi ni nzito kuliko povu na inachelewa kuondoka. Mstari wa gundi uliovimba nje utapakwa kama ulivyo, na chuma kitaunakili kwa uaminifu wote.

Kuchovya ndiko ninakoweza kukutazama bila kuchoka. Rudi kwenye ule mchemraba wa gramu 20. Lita moja ya rojo inaweza kufika kilo moja na nusu. Maana yake, ili kuuzamisha mchemraba wote, mkono unatakiwa usukume chini kwa nguvu inayokaribia kilo moja na nusu, juu ya kitu ambacho kidole kinaweza kukitoboa. Rojo linakataa kuupokea, linausukuma juu. Mtu mwenye papara atasukuma katikati na kuona kiolezo kinapinda. Chenye kuta nyembamba kitavunjika. Aliyezoea hukiingiza kwa ukingo, kimeinama, pole pole, viganja vimefunguliwa ili mzigo usambae. Kwenye viwanda vikubwa kazi hii hufanywa na roboti inayoshika kiolezo kwa fremu, na hata roboti hufundishwa mwendo ule ule: kuinama, kuzama taratibu, kuzunguka.

Kuzunguka si mbwembwe. Kiolezo chenye njia za ndani kina hewa iliyonaswa humo, na hewa hiyo isipopewa mlango wa juu itabaki kama kiputo ndani ya njia ya maji, pasipopakwa. Basi fundi hugeuza kiolezo chini ya uso wa rojo mpaka tundu liangalie juu, na viputo hupanda kimoja kimoja na kupasuka. Anasubiri hadi viishe. Kisha anageuza upande wa pili. Kila umbo lina mpango wake, na mpango huo hujulikana kwa kulitazama umbo na kujiuliza hewa itajificha wapi na rojo litatuama wapi.

Maana kutuama ni shida ya pili. Kiolezo kikitoka kwenye pipa kinachuruzika, na kona za ndani zinataka kubaki na kidimbwi. Kidimbwi kikikauka kinakuwa mpako mnene kuliko majirani zake, unaochelewa kukauka, unaopasuka, na unaobana gesi pale pale ambapo hakuna anayeweza kupafikia kwa brashi. Kwa hiyo fundi hukizungusha tena hewani, upande huu na ule, akifuata rojo linapotaka kwenda na kulinyima nafasi ya kukaa. Anakipa mtikiso mdogo wa kifundo cha mkono, anasubiri, anageuza. Mwendo wa kukitoa nao una maana: kikitolewa haraka hubeba rojo jingi na mikwaruzo ya mawimbi, kikitolewa taratibu na sawasawa, tabaka linakaa laini. Tone la mwisho hutafutiwa mahali pasipo na umuhimu, ukingoni, ambapo litakaa bila kumsumbua mtu.

Wakati huo kiolezo kiko katika hali yake ya hatari zaidi. Mpako mbichi wa mchemraba wetu unaweza kuwa mzito kuliko povu lenyewe mara kadhaa. Kitu chepesi kimebebeshwa mzigo wa maji na mawe, na bado hakijapata nguvu ya ganda kavu. Bomba refu likitundikwa vibaya linapinda kidogo, kiasi ambacho macho hayaoni, kisha mpako unakauka na kulifunga katika kupinda kule. Chuma kitatoka kimepinda vile vile. Kwa sababu hiyo mahali pa kutundikia hupangwa kabla ya kuchovya, na vitu vyembamba huwekewa vijiti vya kuvishikilia. Nawaheshimu sana watu wanaofikiria kulabu ya kutundikia kabla ya kufikiria pipa.

Kukausha kunadai subira kuliko joto. Polistairini huanza kulegea inapokaribia nyuzi 100, na kiolezo kinaweza kupoteza umbo kabla ya kufika huko, hivyo vyumba vya kukaushia hubaki karibu na nyuzi 50, na kazi kubwa hufanywa na hewa kavu inayozunguka. Saa nyingi hupita. Uso hubadilika rangi kwanza, kutoka ya giza kwenda ya mpauko, na uso uliopauka unadanganya: kona na njia za ndani bado zina maji. Mizani haidanganyi. Kiolezo kinapimwa, kinarudishwa, kinapimwa tena, mpaka uzito ukome kushuka. Maji yanayobaki kwenye mpako yatakutana na metali ya mamia ya nyuzi, yatakuwa mvuke kwa ghafla, na mvuke huo utatafuta njia kupitia metali yenyewe. Ukiwa karibu na kinywa cha kalibu, hilo si suala la ubora tu.

Si lazima mtu awe na kiwanda. Marekani na Ulaya wapo watu wengi wanaosubu aluminiamu uani mwa nyumba zao, na wamegundua kwamba ile plasta ya ndoo inayotumiwa kuziba maungio ya mbao za jipsamu, ikichanganywa na maji mpaka iwe kama rangi nzito, inatosha kuwa mpako. Povu wanalikata kwa waya moto, wanaligandisha kwa gundi moto, wanalichovya au kulimwagia kwa kopo, na kulirudia kwa brashi laini palipobaki weupe. Plasta hiyo haikutengenezwa kwa kazi hii, na upitishaji wake wa gesi haukupangwa kwa ajili yake. Kwa kipande cha aluminiamu cha kawaida inakubali; kwa chuma sitamshauri mtu aiamini. Nilichokipenda kwa watu hawa ni jinsi wanavyoyafikia mambo yale yale ya viwandani kwa macho na vidole: wanajua mpako wa kwanza ni wa kushika na wa pili ni wa kujaza, wanajua kiolezo kikae usiku kucha na hata siku ya pili msimu wa mvua, na wanajua sehemu ya chini ya kiolezo ndiyo inayosahaulika.

Kinachofuata kina kelele nyingi na maelezo machache. Kiolezo kilichokauka, kikiwa na nguzo yake ya povu ya kumiminia, husimamishwa ndani ya boksi. Mchanga hunyeshewa kukizunguka huku boksi likitetemeshwa, na hapa ganda kavu hufanya kazi nyingine tena, ya kulinda povu lisikandamizwe na mchanga unaojipanga. Kisha metali humiminwa, na kikombe cha kumiminia hakiruhusiwi kupungua hata kidogo mpaka kazi iishe. Anayesita katikati anaiacha nafasi iliyokwishafunguliwa na povu bila kitu cha kuishikilia zaidi ya mpako, na mpako haukuahidi kushikilia kwa muda mrefu. Moshi unaotoka una stairini na mabaki mengine ya plastiki, hivyo hufanywa nje au chini ya feni kubwa za kuvuta, na mwenye busara husimama upande unaotokea upepo.

Metali ikishaganda, boksi linapinduliwa na mchanga unamwagika kama ulivyoingia, tayari kutumika tena. Kipande cha aluminiamu kikizamishwa majini kingali cha moto, mpako unaachia kwa mabamba. Kwenye chuma hupigwa na kukwanguliwa. Chini yake uso una vijiduara vidogo vilivyobanana, punje za povu zilizochapwa kwenye metali. Kupitia alama hizo mtu anaweza kuitambua bloku ya Saturn kwenye yadi ya chakavu bila kusoma maandishi yoyote. Punje hizo hazikuigusa metali hiyo iliyoganda. Zilichapwa kwanza kwenye mpako, na mpako ukazichapa upya kwenye aluminiamu, duara kwa duara, baada ya punje zenyewe kuwa zimekwenda.

Fundi makini hatupi mabamba yaliyobanduka kabla ya kuyatazama. Upande uliogusa metali una madoa ya kahawia na meusi pale plastiki iliponyonywa. Yaliyosambaa sawasawa yanamwambia metali ilitembea vizuri. Doa zito lililojikusanya penye kona linamwonyesha mabaki yalipokosa njia, na analilinganisha na mahali pale pale kwenye kipande, akitafuta mkunjo kwa ukucha. Pale ambapo mchanga umeng'ang'ania chuma anajua palikuwa na kiputo, au kulabu iligusa na hakuna aliyerudi kupapitisha brashi. Baada ya hapo anarudi kwenye pipa na kikombe chake chenye tundu, anahesabu sekunde, na kuongeza maji kidogo.